Kadi ya Zamzam kwenye Foleni ya Sukari

Bora niseme mwenyewe kabla wifi yangu Sofia hajawasimulia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi. Kadi ya kliniki ya Zamzam niliiweka mimi kwenye foleni ya sukari. Sikutumwa na mtu.

Mwaka ule vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na sukari Kariakoo ulikuwa unaisikia tu. Ikivuma kwamba inaletwa duka la ushirika, watu walipanga foleni tangu alfajiri, na asiyeweza kusimama alipanga kitu chake: jiwe, kikapu, hata ndala moja. Kila kitu kilihesabiwa mtu. Lakini jiwe langu lilishapigwa teke mara mbili, kila nikirudi nakuta nimekuwa wa mwisho, na mimi bila sukari sipiki vitumbua. Nikafikiri, karatasi yenye muhuri wa serikali nani ataigusa? Nikaibana kadi chini ya tofali, muhuri ukionekana. Kweli haikuguswa. Nikajiona mjanja kuliko mtaa mzima.

Siku hiyo hiyo ilikuwa siku ya kliniki. Binti yangu Zamzam alikuwa na miaka saba, na homa ya viungo ilimwanza mwaka uliotangulia. Magoti yakavimba, na moyo nao ukaguswa. Wenzake wenye ugonjwa ule huchomwa sindano ya penisilini kila mwezi. Yeye alipewa vidonge. Mume wangu Kitwana, kuli wa bandarini, ndiye aliyempeleka hapo mwanzo, akarudi akaniambia sindano ile haipatani na mwili wa mtoto, na kadi nisiipoteze. Basi, aliishia hapo. Mimi wakati ule sikujua a wala be, nikaifungia kadi sandukuni.

Sofia ni dada yake Kitwana, na alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke Lindi. Nikamwambia kadi iko kwenye foleni, ampeleke mtoto kule hospitali ya chuo cha madaktari, Upanga, wakimwuliza kadi aseme imesahaulika nyumbani, Daktari Winifrida anamjua Zamzam kwa jina na kwa sura. Sofia akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mgeni wa juzi hawezi kunifundisha hospitali za Dar es Salaam. Zamzam aliondoka huku akinisihi nisiikose sukari, amechoka kunywa uji wa chumvi.

Saa tatu nikaenda kukaa na kadi yangu. Gari la sukari lilikuwa halijafika. Nyuma yangu alikaa jirani yangu Sitara, ambaye hakuchoka kunicheka kwa kwenda darasa la watu wazima jioni, eti uwaziri nitaupata lini. Siku hiyo nikataka kumwonyesha. Nikaitoa kadi chini ya tofali, nikasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Jina. Umri. Mtaa. Chini kabisa palikuwa na maandishi makubwa ya wino mwekundu. Daktari Winifrida, nilikuja kujua baadaye, aliwakataza wanafunzi wake kuandika onyo kwa Kiingereza. Alitaka mama wa mtoto alisome.

"A-si-chom-we pe-ni-si-li-ni," nikasoma. "I-na-we-za ku-mu-u-a."

Sitara akaacha kucheka. Nikarudia tangu mwanzo, nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea. Kitwana alinipunguzia maneno ili nisihangaike, na mimi nimemtuma mtoto hospitali bila hayo maneno.

Nilikimbia. Ndala zilibaki Mtaa wa Msimbazi, sijui nani alizivaa. Nikakatiza barabara pale Faya bila kutazama gari, dereva mmoja akanitukania mama yangu, nami sikumjibu, jambo ambalo si kawaida yangu. Kichwani nilikuwa napiga hesabu: wameondoka saa mbili, Sofia hajui njia, huenda wamepotea. Huenda Daktari Winifrida yupo. Nikamwomba Mungu foleni ya hospitali iwe ndefu kuliko ya sukari.

Haikuwa ndefu. Nilimkuta mwanangu kitandani, midomo imevimba, macho yamefumbana, kifua kinapiga filimbi. Daktari Winifrida alikuwa amemwinamia, ameshamchoma dawa ya kuipinga penisilini. Wanafunzi wake walisimama ukutani, na Sofia alikuwa chini analia. Mwanafunzi mmoja mrefu, Leodegar, alikuwa bado ameshika pamba. Nikajua ndiye aliyemchoma.

Nilimwita muuaji. Nilimwuliza hizo shule zote alisomea nini. Na huku namtukana, mkono wangu, naapa sikuutuma, ukaisukuma kadi ndani ya gauni.

Daktari akamwuliza kijana kwa nini alichoma. Leodegar akajibu kwamba mtoto ana homa ya viungo, kadi haipo, akamwuliza shangazi kama sindano zimewahi kumdhuru, akaambiwa hapana. "Ningekusubiri wewe, daktari," akasema. "Kosa ni langu." Daktari akamwambia avue koti, kesho akajieleze kwa mkuu wa chuo, na kama mtoto atakufa, asirudi. Mimi nikadakia avue upesi.

Kisha tukangoja. Mtoto akachomwa tena ile dawa ya daktari. Nilimshika unyayo, ulikuwa wa baridi, nikawa nasikiliza ile filimbi na kuogopa ikiendelea, na kuogopa zaidi ikinyamaza. Hofu ile hata leo ninayo, nikisikia mtu anakoroma naamka. Ile kadi ilikuwa inanichoma kifuani. Leodegar alisimama mlangoni na koti lake mkononi, hakuondoka.

Filimbi ikapungua kidogo kidogo. Midomo ikalegea. Zamzam akafumbua jicho moja, akanitafuta.

"Mama," akasema, "sukari tumepata?"

Daktari Winifrida akanitazama, akamtazama Sofia, na Sofia akainamisha kichwa, kwa sababu yeye alijua kadi ilikuwa wapi na hakuwa amenisema.

Nikaitoa. Ilikuwa imelowa jasho, na vumbi jekundu la tofali lilikuwa bado kwenye muhuri. Sikumpa daktari, nilimpelekea Leodegar pale mlangoni.

"Ilikuwa kwenye foleni, imenishikia nafasi," nikamwambia. "Vaa koti lako, mwanangu."