Mabawa ya Chombo cha Makene

Mwalimu Getruda alipoliweka lile boksi mezani, nilijua kazi ni yangu. Katika darasa letu la jioni pale Chapwa, mjini Tunduma, tulikuwa watu wazima kumi na tisa, na fundi rangi nilikuwa mimi peke yangu. Milango ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia nimeipaka miaka kumi na minne.

Ndani ya boksi kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vimeshikana kwenye fremu zake, na picha ya chombo cha angani cha kubuni, chenye mabawa manne na mistari myekundu. Dereva mmoja aliyekwama kwenye foleni wiki nzima alimwachia Mwalimu boksi hilo. Mwalimu alitaka chombo kiundwe kwa vile vipande na kupakwa rangi kabla afisa elimu hajatutembelea, na atakayekiunda ndiye angesimama kukieleza mbele ya wageni. Mimi niliacha shule darasa la nne. Sijawahi kusimama mbele ya wageni na kitu chochote.

Akampa Makene.

Makene anauza mitumba. Alikuja Tunduma kutoka Momba alipochoka kuchunga ng'ombe wa baba yake. Tulianza darasa siku moja, tukakaa dawati moja. Mwalimu alisema maelekezo yameandikwa kwa Kiingereza, na Makene anakisoma kuliko sisi sote. Nikampa mkono wa pongezi. Nyumbani nilipiga magoti nikamwomba Mungu ambariki ndugu yangu, na katikati ya sala nikajikuta nawaza mabawa yakikatika.

Kila jioni alikuja na habari. Mara amekata vipande kwa wembe na kuvisugua kwa msasa, mara gundi imeshika. Wenzetu wakaanza kumwita Rubani. Ketrina, muuza ndizi wa dawati la mbele, akanigeukia.

"Na wewe, baba Jonasi, ndiyo utakuwa utingo wake?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nilifunga siku mbili kwa ajili ya ule wivu, nikinywa maji tu. Siku ya tatu ulikuwa mzima wa afya.

Jumamosi Makene alikuja kwangu gereji kuomba rangi.

"Kaka Lusubilo, hapa sasa ndipo nakuhitaji. Fundi ni wewe."

Nikamchanganyia nyekundu ya gari, na thina nyingi ya kuilainisha. Thina ikigusa plastiki nyembamba huitafuna. Niliwahi kuharibu taa ya nyuma ya lori kwa namna hiyo, na maneno ya mwenye lori sijayasahau. Nilijua. Nilikoroga taratibu, nikafunga kopo vizuri, nikamwambia asiogope kupaka nzito.

Jumapili sikuweza kuimba. Mchungaji alipotuambia tushikane mikono nilitoka nje, nikatembea mpaka kwa Makene na Biblia kwapani, nikiomba nimkute hajaanza.

Nilimkuta uani. Chombo kilikuwa juu ya gunia, kizima, bado cha kijivu, kizuri kuliko nilivyotaka kiwe. Pembeni palikuwa na kipande cha fremu kilichopakwa nyekundu, kimejikunja na kulegea.

"Maelekezo yanasema ujaribu kwanza kwenye mabaki," alisema. "Imeyeyuka. Usijali, kaka. Nimeshamwambia Mwalimu kazi yako ni mabati, plastiki ungeijulia wapi."

Alikuwa amenitetea tayari. Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini hapo ndipo wivu uliponiuma kuliko siku zote, kwamba hata kwa wema alikuwa amenizidi.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba itayeyusha. Nilijua wakati nachanganya."

Alinitazama, akaitazama Biblia, kisha akakibeba chombo chake kwa mikono miwili, akaingia ndani na kufunga mlango.

Siku ya wageni alikuwa amekipaka rangi ya maji kwa brashi. Mistari ilikuwa imepinda, na kwenye bawa moja rangi ilikuwa imechuruzika. Mimi na tepu ya karatasi, nusu saa tu, tungeinyoosha yote. Afisa elimu akauliza nani amekipaka.

"Mimi mwenyewe," Makene alijibu.

Nilipiga makofi nikiwa peke yangu kwenye dawati letu. Nikamwambia Mungu, bila kupamba, kwamba hata mistari ile mibaya naionea wivu.