Chupa ya Mzee Mtarajiwa

Muthoka hakuwa mlevi. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu Mitaboni watu wakishakupa jina hawakunyang'anyi. Alikuwa tu mtu mwenye adabu nyingi kupita kiasi, na adabu ndiyo iliyomponza.

Yeye na wazee wa ukoo walikuwa wamekwenda Kivaa kwa ntheo ya mpwa wake Mwendwa, ile sherehe ya kimila ya kupeleka mbuzi kwa wakwe. Mbuzi wakachinjwa, na wenyeji wakamletea msemaji wa upande wa bwana harusi pembe ya uki, ile pombe ya asali ambayo bila hiyo wazee wa Ukambani hawaoni kama msichana ameolewa. Msemaji alikuwa Muthoka. Muthoka huyohuyo aliyeapa kuacha pombe mbele ya kanisa zima, na ambaye Jumapili iliyofuata alikuwa asimikwe mzee wa kanisa, cheo alichokitamani tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Akikataa, amewatukana wakwe. Akinywa, amemtukana mchungaji. Basi akaumimina uki kwenye chupa yake ya chuma ya maji, akawaambia ataunywa polepole, na moyoni akajiambia ataumwaga njiani. Njiani aliumwaga kweli, ila aliumwaga kooni.

Utamu uliisha kabla hajafika nyumbani. Harufu ilikataa kuisha. Aliiosha chupa kwa sabuni, ikanuka uki wenye sabuni. Akaisugua kwa ndimu, kisha akatia magadi ya kupikia githeri na maji moto, akaitikisa nyuma ya ghala hadi mkono ukamuuma. Akaianika juani juu ya tangi. Kila alipoinusa, Kivaa nzima ilimjia puani. Na kila mara mkewe Kavutha alikuwa akipita karibu, akimuuliza kwa upole kama anatafuta kitu.

Ndipo akamkumbuka marehemu mama yake, ambaye hakuna chombo kilichowahi kumshinda. Mama alikuwa akisafisha vitete, vile vibuyu vya maziwa, kwa kijinga cha moto: unakiingiza kikiwaka, unazungusha, moshi unafukuza kila uvundo. Siku hizi kijijini aliyekuwa bado na vibuyu ni mmoja tu, Kamanthe, yule mjane wa bondeni. Muthoka alimwendea, akapewa kijinga kutoka jikoni mwake, akaifukiza chupa palepale uani. Alipoinusa, uki haukuwepo. Alipanda kilima akipiga mluzi wa wimbo wa kwaya.

Jumamosi alikuja Ndunge, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, kupanga chakula cha wageni wa kesho. Alifika akihema, akaomba maji. Jagi lilikuwa mezani, limejaa, lakini Kavutha akaenda kuchukua ile chupa. Ndunge alikunywa mafunda mawili, akasita.

"Mama Winfred," alisema, "hii maji iko na harufu ya maziwa ya kitete. Na nyinyi mliuza ng'ombe."

Kavutha aliipokea chupa, akainusa taratibu, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Winfred, maziwa ya kitete unakunywanga kwa nani?"

Ndunge, ambaye hakuumbwa kunyamaza, akakumbuka kwa sauti kwamba majuzi alimwona Muthoka akitoka kwa Kamanthe, tena akipiga mluzi. Alilisema kwa huruma kubwa, kama mtu anayeongeza kuni kidogo tu.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akisema alifuata moto, ataulizwa wa nini. Akinyamaza, kesho atasimikwa mzee wa kanisa, na kesho kutwa Kavutha atarudi kwao. Akakitazama kile cheo mara ya mwisho, akakiona kinavyopendeza, akakiacha. Alimpenda Kavutha hata siku alizomwogopa, na leo alimpenda na kumwogopa pamoja.

"Si maziwa," alisema. "Ni uki. Nilikunywa kwa ntheo ya Mwendwa, nikamaliza yote. Kamanthe alinipatia kijinga cha moto tu, ya kuondoa harufu."

Ndunge hakungoja chai. Alikumbuka ghafla kwamba ana kuku wa kulisha, na njia aliyoshika haikuwa ya kwake bali ya kwa mchungaji. Muthoka alikaa kwenye kigoda akimsindikiza kwa macho, na roho ilimuuma sana.

Kavutha hakupiga kelele. Alichukua kifuniko cha chupa, akachokoa ndani yake kwa ncha ya uma, akatoa kipira chembamba cha mviringo chenye ute, akakiweka chini ya pua ya mumewe. Ulikuwa uki, tena mkali kuliko siku ile.

"Harufu ilikuwa inakaa hapa tangu utoke Kivaa," alisema. "Mimi nilijua siku hiyohiyo."

Muthoka akamuuliza, karibu kulia, mbona basi alimwacha ahangaike na ndimu na magadi na moshi, bila kumwonyesha.

"Ningekuonyesha," Kavutha alisema, "ungeosha, na ungenyamaza."