Shafti ya Mzee Kiragu

Zedekiah alikuwa na miaka arobaini na miwili alipoingia darasani tena. Karakana yake ya kuchonga na kuchomelea vyuma ilikuwa Kinoo, kando ya barabara kuu, na kwa miaka kumi na minane watu walimletea vitu vilivyovunjika akawarudishia vikiwa vizima. Lakini kazi za viwandani zilitaka mtu mwenye karatasi. Basi akajiandikisha kusomea diploma ya uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja katikati ya jiji, akakaa na vijana wa rika la binti yake, ambao walimwita Mzee bila ubaya wowote.

Hesabu hazikumsumbua sana, na michoro aliisoma kama gazeti. Kilichomtoa jasho ni Kiingereza cha ufundi. Somo hilo lilifundishwa na Madam Nyokabi, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyesomea lugha na ambaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, hakuwahi kushika spana. Katika mtihani wa kwanza Zedekiah alipata tisa kwa arobaini. Aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa shati, na mkewe hakuiona hadi Jumapili baada ya kanisa.

Mambo yalianza kubadilika wiki ya tano. Ubaoni palikuwa na sentensi iliyosema beringi, ile pete ya chuma inayosaidia kitu kuzunguka, ilikuwa na "excessive play". Madam akaeleza kwamba "play" ni kucheza, kwa hiyo beringi hiyo inazunguka kwa urahisi bila kukwama. Zedekiah akainua mkono.

"Madam, samahani. Hiyo beringi ni mbovu."

"Mbovu kivipi?"

"Hata sisi kwa karakana tunasema beringi inacheza. Si ati inazunguka vizuri. Imelegea, ukiishika inatikisika. Ukiiacha hivyo itaharibu kila kitu iko karibu nayo."

Wanafunzi wengine wakangoja kuona kama Madam atakasirika. Yeye alifuta maelezo yake ubaoni, akaandika ya Zedekiah, kisha akamwomba juma lililofuata amletee beringi inayocheza aishike kwa mikono yake.

Aliileta ikiwa imefungwa kwa gazeti. Tangu siku hiyo wakawa wanabaki nusu saa baada ya kipindi, pamoja na mwanafunzi yeyote aliyetaka. Zedekiah alieleza kitu kwa Kiswahili cha karakana, Madam akatafuta neno lake la Kiingereza, na mara nyingi maneno yenyewe yalikuwa ndugu. Mafundi husema chuma kimechoka. Wahandisi nao huandika "fatigue", uchovu uleule. Siku zote Zedekiah alidhani Kiingereza cha vitabuni ni nchi ya mbali. Kumbe alikuwa ameishi humo muda mrefu, ila hakujua majina ya barabara.

Mwisho wa muhula kila mwanafunzi alitakiwa kuandika ripoti kuhusu kifaa kilichovunjika, kisha aitetee mbele ya walimu wawili. Zedekiah alichagua shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha visu, ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mali ya Mzee Kiragu, mfugaji jirani yake pale Kinoo. Ilikuwa imekatika vipande viwili mwezi huohuo, na Kiragu alikuwa na uhakika kwamba mkewe, Wanjugu, ambaye yeye humwita Mama Kibe, ndiye aliyeivunja kwa kushindilia mabua ya mahindi kwa pupa.

Zedekiah aliiosha kwa mafuta ya taa, akaipeleka penye mwanga. Pale ilipokatika palikuwa na mistari myembamba ya duara, mmoja nje ya mwingine, kama ya kisiki cha mti. Kitabu kilieleza waziwazi: ukiona mistari hiyo, ujue chuma hakikuvunjika kwa kishindo cha siku moja, bali kilichoka kidogo kidogo kuanzia mahali fulani. Akaifuata kwa ukucha hadi ilipoanzia. Ilianzia kwenye kona, pale unene wa shafti unapopungua. Kona hiyo ilipaswa kuviringwa ili nguvu zisijikusanye hapo na kuanzisha ufa, lakini ilikuwa kali kama ya sanduku. Na aliyeichonga, miaka miwili iliyopita, ni Zedekiah mwenyewe.

Alikaa na jambo hilo moyoni siku tatu. Siku ya nne akampelekea Madam rasimu yake.

"Hapa umeandika 'I left the corner sharp'," Madam alisema. "Ripoti ya mhandisi haiandikwi hivyo. Andika 'The corner was left sharp.' Kona iliachwa ikiwa kali."

"Iliachwa na nani?"

"Hapo hapasemwi. Wanataka kilichotokea, si aliyekifanya."

"Lakini Madam, aliyekifanya ni mimi."

Nyokabi aliweka kalamu chini. "Iandike kama nilivyosema, usipoteze alama," alisema. "Ukiulizwa, utajibu mwenyewe."

Na kweli aliulizwa. Mmoja wa walimu wale wawili alikuwa Bwana Nzau, mhandisi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Zedekiah alisimama na Kiingereza chake cha sentensi fupi, akaonyesha mistari, akaonyesha ilipoanzia. Mahali pamoja neno lilimpotea kabisa. Aliigusa sehemu yenyewe kwa kidole, neno likarudi, akaendelea.

"Left sharp by whom?" Nzau akauliza, swali lilelile la Zedekiah: iliachwa na nani.

"By me, sir. I did not know."

Nzau alikigeuzageuza kile kipande cha chuma mkononi. "Na mwenye mashine anajua?" akauliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Bado."

"Basi ripoti yako haijaisha."

Walimpa thelathini na moja kwa arobaini. Alasiri hiyohiyo Zedekiah alirudi Kinoo, akapitia karakanani kuchukua shafti mpya aliyokuwa ameshaichonga, akaenda nayo hadi kwa Kiragu, ripoti yake ikiwa mkononi. Aliwakuta mume na mke karibu na zizi.

"Mzee, nimejua kilichovunja shafti yako," alisema. "Si mabua. Ni kona niliichonga vibaya mimi. Nimekuletea ingine, na nitaifunga sasa hivi."

Kiragu alimtazama ng'ombe, hakumtazama mkewe. "Kwa hivyo si Mama Kibe."

"Si yeye. Hata angeweka majani laini tu, bado ingekatika."

Wanjugu alikuwa akisuuza ndoo ya maziwa. Hakuinua kichwa, ila mabega yalimtikisika kwa kicheko. "Hiyo karatasi iko na muhuri?" aliuliza.

"Iko na muhuri wa chuo."

"Nisomee hapo pa kona."

Zedekiah akasoma kwa Kiingereza, taratibu, bila kujikwaa.

"Sasa kwa Kiswahili, Baba Kibe asikie vizuri."

Akamsomea, na safari hii akataja nani aliiacha kona hiyo ikiwa kali. Kiragu alivua kofia, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo.

"Pole, Mama Kibe," alisema. "Nilikuonea."

"Nimesikia," Wanjugu akajibu, akaenda kubandika chai.

Wanaume wale wawili wakaiinamia mashine, Zedekiah na spana zake, Kiragu akimshikia upande wa pili, na kabla ya saa ya kukamua ilikuwa inakata majani tena.