Vigelegele Mlangoni kwa Asuman

Fatumah alikuwa ameshika mchi, na wallahi alitaka kumpasua nao mtu kichwa. Ng'ambo ya uzio Asuman alikuwa akimpiga mkewe Jalia, mchana kweupe, na majirani wamejifanya viziwi. Ndivyo walivyojifanya pia alipokuwa akimpiga Zam, mkewe wa kwanza, dada yake Fatumah, hadi akampofua jicho. Mshenzi yule!

Lakini mchi ungempeleka Fatumah jela, na Jalia angebaki na mume huyo huyo. Hasira hasara. Akautupa, akatoka barabarani, akasimama mlangoni kwa Asuman na kupiga kigelegele.

Kwa Wanubi wa Arua kigelegele hakipuuzwi. Kikisikika, kuna posa au harusi, na mwanamke mwenye adabu huacha sufuria motoni akaenda kuitikia. Basi wanawake wakaja mbio, wengine mikono ingali na unga. Mbele yao alikuwa Mama Ruqaiya, mwimbishaji wa harusi zote za mtaa.

"Nani iko naolewa?"

"Hakuna, mama. Jalia iko nakufa ndani. Tuingie wote pamoja, tukiimba."

Kilio cha Zam Mama Ruqaiya alikisikia zamani, akakaa kimya. Safari hii akapiga makofi, akaanzisha wimbo wa kumtoa bibi harusi.

Waliingia bila hodi, ua ukajaa. Asuman akabaki na mkanda mkononi, maana mwanaume gani atapiga mke mbele ya mama zake wote wa mtaa? Wakamfuta Jalia damu, wakamfunika leso, wakatoka naye polepole kama bibi harusi, ila huyu alikuwa anapelekwa kwa mama yake, mjini Koboko.

Barabara nzima ikatoka kutazama. Asuman akawafuata, jasho likimtiririka.

"Shemeji, nakuomba, nyamazeni. Watu inaona!"

Jalia akasikia. Akaishusha leso mwenyewe, na kila mtu akauona uso ulivyovimba.

Aisee, Fatumah aliingoja siku hiyo miaka! Moyo wake ulifurahi, hata hakuona haya kufurahi. Akamsogelea Asuman karibu kabisa.

"Oa tena, shemeji," akamwambia. "Oa popote, hata Kuluba kule mpakani. Siku ya harusi tutakuja wote kuimba, na bibi harusi tutamwimbia jicho la Zam."