Doa la Kwenye Kamera

Haya, sogeeni niwatege. Ana jicho moja lisilo na kope wala usingizi. Anawatazama watu wote na hamtambui hata mmoja. Nani huyo? Mmeshindwa? Nipeni mji. Basi nimeupokea, na katika mji huo mna duka la dobi, na humo dukani kuna mama anayepiga pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Wenzake wanamwita Mama Pasi.

Asubuhi hiyo Mama Pasi aliitwa ofisini kabla pasi haijashika moto. Koti la mteja limepotea. Bosi akamgeuzia kompyuta, akagonga kioo kwa kalamu.

"Huyu hapa. Juzi mchana, anatoka na koti mkononi."

Mama Pasi akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Aliona doa. Doa refu la kijivu, lenye kitu cheusi ubavuni. Uso halina, miguu halina.

"Huyu ni nani?"

"Si wewe? Nani mwingine anashinda kwenye kona ile? Kusanya vitu vyako, mama, tusivunjiane heshima."

Damu ikamchemka. Miaka yote ile kwenye mvuke hajapoteza hata kifungo cha mtu, leo atoke mwizi kwa ajili ya doa! Wanawe watamtazamaje?

"Siondoki," akasema. "Mwite fundi wa kamera aisafishe hiyo picha. Uso ukiwa wangu, polisi nakwenda mwenyewe."

Fundi akaja, mzee mnene aliyepanda ngazi za ofisi akihema. Akabonyezabonyeza kompyuta.

"Kamera nzima kabisa. Ubora wa picha ndio umeshushwa mpaka chini. Mimi nilipoifunga niliuacha juu. Nani ameushusha?"

Bosi akakohoa. "Wewe pandisha tu, tumwone huyo mwizi."

"Nikipandisha, itang'aa ya leo. Iliyorekodiwa ikiwa na ukungu ndiyo basi tena."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

"Acha hapo hapo!" Mama Pasi akafoka. "Usipandishe kwanza. Bosi, chukua koti, kasimame kwenye kona yangu."

"Mimi?"

"Wewe. Au unaliogopa jicho lako mwenyewe?"

Wapiga pasi walikuwa wameshajaa mlangoni. Bosi akaenda, akasimama na koti, akarudi mbio kutazama. Fundi akarudisha picha nyuma kidogo. Doa refu la kijivu, lenye kitu cheusi ubavuni.

"Mwizi huyo hapo!" sauti ikatoka mlangoni. "Jamani, hata kitambi cha bosi kimeyeyuka!"

Wakaangua kicheko. Mama Pasi hakucheka.

Bosi akajifuta jasho. "Basi, mama, yaishe. Rudi kazini."

"Yaishe? Umeniita mwizi mlango ukiwa wazi. Mlango ungali wazi."

Bosi akawageukia wale wa mlangoni. "Mama Pasi si mwizi. Nimemsingizia."

"Lingine. Fundi aliuliza, hakujibiwa. Nani aliishusha picha?"

Kicheko kikakatika. Bosi akatazama kola ya shati lake, ile iliyosimama yenyewe.

"Mimi," akasema. "Kamera ilikuwa inakula mtandao. Nikitazama mpira hapa, ukawa unakatakata."