Kiapo cha Tanaji

"Mwanamke humnyonya mpiganaji kama kupe," alisema Akkatai, ndoo yake imeziba bomba makusudi.

"Na wewe shangazi, wale wanaume watano uliowazaa uliwaokota sokoni?" akauliza Parubai.

Foleni nzima ikacheka, isipokuwa Shevanta, maana aliyekuwa akigombaniwa ni mume wake. Jana Tanaji alimbwaga pande la mtu kutoka Sangli mbele ya Kolhapur nzima, na mtaa ukajua sababu: tangu mvua zikatike alikuwa akilala kwenye ukumbi wa mieleka, ameapa mbele ya Hanumani, mungu wa wanamieleka, asimguse mkewe. Sasa ilisemekana mwalimu wake, Ganpatrao, anataka kiapo kiendelee mpaka msimu ujao. Shevanta akumbatie ukuta mwaka mwingine.

Na alikuwa na lake moyoni. Usiku wa kuamkia pambano Tanaji aliruka ua, akaja kwake, kisha akalala fofofo, na kesho yake akashinda. Akilisema hilo, mumewe ataitwa mvunja kiapo na kuvuliwa kilemba cha ushindi. Akinyamaza, amejinyima mume kwa mdomo wake mwenyewe. Akajitwika maji, akaondoka.

Mlangoni akamkuta mwalimu, Tanaji nyuma yake na kilemba chake, kichwa chini. Mzee alimwomba kwa adabu: binti yangu, nipe mwaka mmoja tu. Shevanta akamtazama mumewe.

"Usimwombe yeye, mwalimu," Tanaji akasema. "Kiapo nimekivunja mimi. Juzi nililala hapa."

Ng'ambo ya njia, ufagio wa Akkatai, aliyekwisha kurudi kutoka bombani, ukasimama.

Shevanta akakitazama kile kilemba kana kwamba kinaondoka. Kisha mzee akamuuliza Tanaji kama usiku ule alipata usingizi.

"Kama mfu, mwalimu."

"Mimi niliposhindwa kule Miraj, mke wangu nilikuwa sijamwona miezi minane. Nikajiambia, ingekuwa tisa ningeshinda." Akapangusa uso. "Marehemu mke wangu hakuwahi kuniuliza neno. Sijui, mwanangu. Labda bila ya juzi ungemwangusha yule wa Sangli mapema zaidi. Labda yeye ndiye angekuangusha. Kwa Hanumani utakwenda mwenyewe ukaungame. Lakini msimu ujao, lala kwako."

Shevanta akatua maji, akasogeza pazia la mlango.

"Vua viatu, baba, mchuzi wa mbuzi umeiva. Na wewe shangazi Akkatai, weka ufagio uje kula. Ukiwa ndani utasikia vizuri zaidi."