Ruhusa ya Kupanda

Kwa miaka wapangaji wa zamu walifanya juu chini wasimkutanishe Kijiti na baba mkwe wake kwenye chumba kimoja cha marubani. Kazini kila mtu alijua kwamba Kepteni hamkubali mume wa bintiye. Aliwahi kusema mbele ya watu kuwa mwanawe kakosa mume akaokota kijiti, na jina likamganda kijana wa watu hadi wahudumu wakawa wanamwita hivyo usoni. Siku hiyo rubani msaidizi aliyepangwa aliamka na homa, na Kijiti ndiye aliyepokea simu.

Katikati ya bahari hakuna rada inayoifikia ndege. Waongoza ndege hawakuoni. Wanakutumia maagizo kwa maandishi kwenye kioo kidogo kati ya viti viwili. Mmoja asome kwa sauti, mwenzake arudie, ndipo waguse kitu.

Walikuwa wameomba kupanda kutoka futi elfu thelathini na tano hadi thelathini na saba. Jibu lilipoingia, Kijiti alikuwa kwenye simu ya ndani na mkuu wa wahudumu. Kepteni alilipitishia macho, akabonyeza kukubali, akashika usukani na kuanza kuinua pua ya ndege.

"Kepteni, hatujasoma pamoja."

"Mpaka leo unasomewa kama mtoto? Wamesema tupande, tunapanda."

Kijiti akainamia kioo. Mstari wa chini ulisema wapande. Wa juu ulisema: mkishavuka nukta ya mbele. Nukta yenyewe walikuwa hawajaifikia.

"Baba, shusha! Bado hatujaruhusiwa!" Hilo neno Baba lilimponyoka.

"Usiniite baba humu ndani."

Hapo mashine ya tahadhari ikapiga kelele: shuka, shuka! Ndege nyingine ilikuwa inawajia uso kwa uso, juu yao kidogo. Kepteni akazidi kuvuta usukani.

"Nina ruhusa mimi! Atashuka yeye!"

"Mashine yake inamwambia apande! Tutamfuata huko huko!"

Usukani wa viti vyote viwili umeunganishwa. Ukivuta wako, wa mwenzako unarudi nyuma. Kijiti akausukuma mbele kwa nguvu zake zote. Kepteni, mtu wa kifua kipana, akamtandika kiwiko puani. Mfupa ukalia, damu ikamjaa mdomoni. Kijiti akajipinda kwenye mkanda, akamshindilia ngumi ya taya. Mikono ya mzee ikaachia. Ndege ikainamisha kichwa na kuporomoka, na ile nyingine ikapita juu yao kama panga linalofyeka.

Akaisawazisha. Mzee alikuwa ameegemea kiti, mikono mapajani, damu ikimtiririka kidevuni. Kijiti akamtazama, akakunja ngumi, akampiga tena.

Nyuma vilio vilikuwa vimeshapasuka. Mkuu wa wahudumu akaita kwa simu, anahema. Abiria wasiofunga mikanda walikuwa wamerushwa darini. Abiria mmoja mzee alikuwa amepasuka kichwa. Mhudumu mdogo kuliko wote alikuwa amebanwa na kitoroli, bega limevunjika, maji ya chai yamemchoma kifua.

"Mmefanya nini huko mbele?" aliuliza.



Bahari ilikuwa bado ndefu. Maagizo yakaendelea kuingia, na hao wawili, mashati yamelowa damu, wakalazimika kusomeana.

"Soma."

"Nimesoma. Rudia wewe."

Kepteni akarudia, neno kwa neno, kwa taya iliyovimba.

Walipotua na majeruhi walipokwisha kuteremshwa, Kepteni alimfuata Kijiti kwenye chumba cha wafanyakazi, akambana ukutani kwa koo mpaka macho yakamtoka. Mafundi walimng'oa kwa shida.

Wachunguzi walisikiliza sauti zilizonaswa. Kepteni alipokonywa leseni. Kijiti aliambiwa ameokoa watu, kisha akasimamishwa kazi nusu mwaka kwa kupigana. Yule mhudumu hakupanda ndege tena.

Lakini nyumbani ndiko kulikomtoa jasho. Mkewe alirudi kutoka hospitali alikokwenda kumwona babake, akasimama jikoni bila kuvua mkoba.

"Baba anasema ulimpiga mara mbili."

"Ndiyo."

"Ya kwanza naielewa. Imenirudishia baba na mume. Ya pili?"

"Nilidhani atashika usukani tena."

"Alikuwa ameshika?"

Kijiti akaangalia sakafu. "Hapana."

Mkoba ulimpiga pale pale puani, juu ya plasta. Akainama, damu ikachuruzika kwenye vigae. Hakuinua mkono. Mkewe akafungua friji, akamtupia barafu mapajani.

"Hiyo ya pili utaenda kumwomba radhi. Ya kwanza usiiguse."

"Akinifukuza je?"

"Utafukuzwa. Kwani wewe wa kwanza kufukuzwa pale?"

Akacheka kidogo yeye mwenyewe, halafu akalia.

Mzee alipotoka hospitali, walienda kwake. Mzee hakufungua. Wakaenda tena, wakasikia redio ikiongezwa sauti. Kijiti alizoea kusimama barazani akiongea na mlango, akieleza ile ngumi ilivyokuwa, jinsi ilivyomkaa mkononi tangu siku aliyoitwa kijiti. Asubuhi moja mlango ukafunguka. Mzee, taya ikiwa bado imekaa upande, aliitazama ile pua iliyopinda.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sawa, Baba."

Mzee akarudi ndani, akaacha mlango wazi.